Wimbo wa Shamim kwa Jina la Yusaf

Mtaa wetu wa Barkatabad, kule Sialkot, Pakistan, una kila aina ya mwenye dhambi, lakini mwizi hatuna. Walevi tunao, na baadhi yao wanaimba kwaya. Wasengenyaji tunao wa kutosha kuwauza nje ya nchi pamoja na mipira tunayoshona. Lakini ukiacha baiskeli yako uchochoroni jioni, asubuhi utaikuta palepale, tena labda mtu ameifuta vumbi. Hivyo ndivyo tunavyojisifu kwa wageni, na hivyo ndivyo nilivyomwambia mhubiri wa kutoka Lahore aliyekuja kwenye mkutano wa mwanzo wa Kwaresima. Alikuwa amesimama nje ya hema, viatu mkononi, anaogopa kuvipanga pamoja na vyetu.

"Viache tu, mzee," nikamwambia. "Hapa haibiwi kitu."

Viatu vyake havikuibiwa. Kilichoibiwa ni wimbo.

Mwenye wimbo ni dada Shamim, mke wa Inayat mtunza bustani. Mimi, Gogi, ni jirani yao na mpiga ngoma wa kwaya. Nimemaliza sekondari, kazi bado inanitafuta, na kwao nakula mara nyingi kuliko kwetu. Kati ya chumba changu na jiko lao kuna ukuta wa tofali moja, kwa hiyo wakigombana mimi huwa nawafahamu kabla wao wenyewe hawajafahamiana. Dada Shamim hushona mipira ya miguu nyumbani kama wanawake wengi wa hapa: sindano mbili, uzi wa nta, kipande kwa kipande. Wenzake hushona wakisengenya. Yeye hushona akitunga nyimbo za ibada, na mkono ukichoka huandika kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliokwisha, kisha humwita binti yake Rimsha amsahihishie herufi.

Wimbo kwetu una mwenyewe. Ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja, na pale kwenye jina mpiga ngoma hunyamaza kidogo ili watu wote wasikie ni nani aliyesema hayo na Mungu wake. Wimbo usio na jina ni kama mtoto aliyeokotwa. Watu watamlisha, lakini watamtazama tazama.

Majira ya baridi yale Shamim alitunga wimbo ambao hata Inayat, ambaye kwa kawaida husifu miche tu, aliusifu. Kiitikio chake:

*Mlango wako, Bwana, hauna komeo,*
*nije na usiku, nije na kilio.*

Kwa kuwa mwanamke wa mtaa wetu hapandi jukwaani mbele ya wageni wa mikutano, alimpa mdogo wake Yusaf auimbe. Yusaf ndiye mwalimu wa kinanda kanisani, kile kidogo cha mvukuto kinachopigwa mtu ameketi chini. Hana kazi nyingine ila kinanda na matumaini. Dada yake alimfundisha wimbo mstari kwa mstari, akimlisha chapati kati ya ubeti na ubeti.

Siku ya mkutano hema lilijaa mpaka kamba zikalia. Shamim alikaa upande wa wanawake, kwenye mkeka, shela mpya kichwani. Upande wa pili Inayat alikuwa amenyoosha shingo kama bata. Yusaf akavuta kinanda, ngoma ikaingia, na kufikia ubeti wa pili wanawake walikuwa wanafuta macho, wanaume wanajifanya wana mafua. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, Shamim aliinamisha kichwa, kama bibi harusi anayejua kwamba sasa ataitwa.

Ngoma ikanyamaza.

*Asema Yusaf: nimechoka kubisha,*
*nasukuma tu, mwanga wanikaribisha.*

Wageni hawakugundua kitu. Hema zima likapiga makofi. Shamim alibaki na kichwa kile kile kimeinama, kwa sababu hakujua pa kukipeleka. Jirani yake Parveen akampiga bega kwa furaha.

"We, Shamim! Kumbe mdogo wako mtunzi! Na wewe kimya mwaka mzima!"

"Eeh," Shamim akasema.

"Mungu akiwabariki watu! Hongera, dada wa mtunzi."

Na mpaka watu wanavaa viatu vyao alikuwa amepokea hongera hizo kwa mikono miwili, moja baada ya nyingine, hana ujanja. Angesema nini? Asimame katikati ya hema apige kelele kwamba jina lililo karibu na Mungu si lile?

*

Yusaf alikuja kesho yake na boksi la peremende za maziwa. Aliingia akiwa tayari anacheka, kama mtu anayeingia majini kwa kuruka ili asisikie baridi.

"Dada! Yule mgeni wa Lahore ananitaka nikarekodi. Lahore, dada! Wimbo wetu!"

Shamim alikuwa chini, mpira katikati ya magoti. Hakuinua macho. "Wimbo wetu sisi na nani?"

"Basi umekasirika."

"Nimekuuliza."

"Dada, wewe na mimi kuna tofauti gani? Tumetoka tumbo moja."

"Basi na mipira hii imetoka tumbo hilo. Kaa ushone."

Inayat alikuwa mlangoni anajifanya anakata kucha za miguu. Akakohoa. Yusaf akageuka kwake, akitafuta mwanamume mwenzake. "Shemeji, wewe sema. Ningeita jina la dada yangu mbele ya wanaume wote wale wasiojulikana wametoka wapi? Nimemlinda."

"Umemlinda sana," Inayat akasema. "Hata mimi mumewe nilikuwa namtafuta, sikumwona."

"Nikishaingia huko Lahore, nikishakuwa mtu, nitawaambia. Nitasema kabisa kwamba dada yangu hunisaidia."

Sindano zikasimama. "Hunisaidia," Shamim akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi. "Yusaf, nenda."

"Dada..."

"Chukua na boksi lako."

Akaondoka, boksi akaliacha, na mimi nisiwafiche, peremende zile zilikuwa nzuri. Shamim akamwambia mumewe atie komeo. Inayat akainuka, akatia, kisha akabaki amelishika.

"*Mlango wako, Bwana, hauna komeo*," akaimba chini chini.

"Huo ni wa Bwana," Shamim akasema. "Huu wa Shamim."

*

Mtaani maneno hayakai. Baada ya siku chache kukawa na makundi mawili: wanaosema Yusaf kaiba, na wanaosema Shamim ana wivu. La pili lilikuwa kubwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kulibeba. Mwanamke anayeshona mipira, elimu yake ya msingi, anatoa wapi maneno kama yale? Parveen, ambaye amemsikia akitunga kwa miaka, alianza kusema hakumbuki vizuri. Kisimani mmoja alimwimbia "hauna komeo" akimgeuzia macho, na wengine wakacheka ndani ya shela zao.

Mwishowe Inayat akavaa shati la Jumapili, wakaenda kwa Padri Ilyas. Padri ni mtu mkubwa, mpole, anayependa amani hasa ikija kabla ya chakula cha mchana. Aliwaita wote: Yusaf, wapiga vyombo, na Bebe, mama yao Shamim na Yusaf. Bebe macho yake yamefunikwa na ukungu, na hukaa mwezi kwa binti, mwezi kwa mwana. Mwezi huo wa mkutano ulikuwa wa Yusaf.

"Huu wimbo ni wa nani?" Padri akauliza.

"Wangu," Shamim akasema.

"Dada hunisaidia neno moja moja, Padri," Yusaf akasema, macho kwenye kiatu chake. "Simkatalii."

Wapiga vyombo walipoulizwa walisema wao hupiga tu, maneno si kazi yao. Basi Padri akainama kwa Bebe, akainua sauti kama watu wanavyofanya kwa vipofu, ilhali Bebe husikia hata mjusi akijikuna.

"Bebe! Wewe unaishi nao. Umesikia nani akitunga?"

Bebe akavuta shela. "Wote wawili niliwanyonyesha, Padri."

"Sikuulizi hilo, mama."

"Mimi najibu hilo."

"Bebe," Shamim akasema. Neno hilo moja tu. Mama yake akageuza uso dirishani, kwenye mwanga, ambao hauoni.

Inayat anasema pale ndipo mkewe alipobadilika rangi. Jina lilipoondolewa hemani alikuwa na hasira, na hasira humsimamisha mtu. Pale ofisini alikaa kama nguo iliyotundikwa.

Padri akajipangusa shingo. "Sikilizeni. Mtunzi hatungi mara moja akaisha. Alhamisi Kuu nitaosha miguu ya watu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake, na wimbo wa siku hiyo tumeuchoka. Kila mmoja wenu aniletee mpya kabla ya Jumapili ya Matawi. Tutajua."

Nje, chini ya ngazi, Yusaf alimcheka dada yake bila kumtazama. "Haya, mtihani huo." Lakini kicheko kilimkwama njiani, kwa sababu yeye alijua vizuri kuliko mtu yeyote ni nani asiye na cha kuandika.

Njiani Inayat akauliza, "Utaweza?"

"Nisipoweza," Shamim akasema, "nitakuwa yule mwanamke mwenye wivu mpaka nife. Na Rimsha atakuwa binti yake."

*

Akaanza kuandika. Petro alimjia upesi, kwa kuwa Petro ni kama mume wa Parveen: anakataa kwa sauti kubwa, kisha anataka aogeshwe mwili mzima. Yohana akaja, Tomaso akaja. Karatasi za kalenda ya zamani zikajaa upande wa nyuma. Jioni moja akamsomea mumewe na bintiye, na mimi nikiwa upande wangu wa ukuta, kikombe sikioni.

*Akawaosha mmoja mmoja, wote waliokaa;*
*alipofika kwa Yuda, maji yakamwishia.*

Inayat akapasuka kicheko mpaka akashika mbavu. "Maji yakamwishia! Bwana aliyegeuza maji kuwa divai, kwa Yuda mtungi ukakauka!"

"Unacheka nini?"

"Mama," Rimsha akasema kwa upole wa mtoto wa darasa la katekisimu, "aliwaosha wote. Iko kwa Yohana. Yuda alitoka baadaye, alipokwisha kupewa tonge."

"Najua iko kwa Yohana!"

"Basi lazima na yeye aoshwe."

"Lazima, lazima! Umewahi kuibiwa wewe?"

Lakini alifuta. Akaandika upya: miguu ya Yuda inanuka, ina matope ya njia mbaya, Bwana ameshika pua. Akafuta. Akamfanya Bwana aoshe upesi upesi, atoke pale. Mstari ukakataa kukaa. Akamfanya aoshe polepole huku akimkazia Yuda macho ya kumuumbua. Ukakataa pia. Petro alikuwa anatembea ndani ya wimbo, Tomaso anatembea, Yuda anachechemea. Mipira ikabaki haijashonwa, yule mwenye mipira akaja akafoka mlangoni, Inayat akamtuliza kwa bizari mbichi aliyoitoa bustani ya tajiri wake.

"Tatizo ni nini hasa?" akamuuliza mkewe.

"Simjui Yuda. Nitaandikaje miguu ya mtu nisiyemjua?"

Inayat akakuna kidevu. Ni mtu wa miche, haongei sana, lakini akiongea huwa amekwisha chimba. "Unamjua mmoja," akasema.

Shamim akamtupia mpira. Ulimpita.

*

Mwezi wa Bebe kuja kwa binti ukafika, akaletwa na kifurushi chake. Shamim alimpokea kama inavyotakiwa: akamtandikia, akampa chai, akamsaidia kwenda chooni. Maneno hakumpa. Hata mimi niliyezoea kula pale huku watu wamenuna niliona chapati zinashuka tumboni kwa shida.

Kila alasiri, jua likiwa ukumbini, Shamim alimkanda mama yake miguu kwa mafuta ya haradali. Hiyo ni desturi yake tangu ujana na hakuivunja, ila sasa aliikanda kama anayekanda unga wa mtu mwingine. Alasiri moja mkono ukasimama kwenye kisigino.

"Bebe."

Mama yake alishtuka kusikia sauti. "Ee, mwanangu."

"Lile kovu la Yusaf la mwiba wa mgunga. Lilikuwa mguu gani?"

"Wa kushoto. Uliingia mpaka ndani, pale ukingoni mwa mfereji, alipokuwa anakukimbia amechukua kitambaa chako. Ukamlaza, ukautoa kwa meno yako."

"Nimesahau."

"Hukusahau. Ulitema damu, ukamcheka, ukambeba mgongoni mpaka nyumbani, na kitambaa ukamwachia." Bebe akapapasa hewani mpaka akapata kichwa cha bintiye. "Shamim, siku ile kwa Padri mimi..."

"Usiseme, Bebe."

"Mimi nili..."

"Nimesema usiseme. Lete mguu mwingine."

Jioni hiyohiyo, taa haijawashwa, akaandika ubeti kwa mkupuo mmoja, penseli ikichana karatasi:

*Mguu wa Yuda una kovu, kovu la utotoni;*
*aliyeujua mwiba wake hakuuliza wa nini.*
*Maji yana vuguvugu, mikono haina haraka;*
*miguu ya kwenda kumuuza, aliifuta ikakauka.*

Alimsomea Inayat, kisha akakaa kitako kama mtu aliyeshusha mzigo akakuta mabega bado yanauma.

"Unaona?" akasema. "Nikishaliweka lile kovu pale, mkono haupiti tena kwa hasira. Nilijaribu. Ukiliona kovu, unapunguza mkono. Na Yeye alikuwa analiona. Alijua miguu ile usiku ule inakwenda wapi, na bado akapitisha taulo katikati ya vidole. Inayat, maisha yangu yote nimesema Mungu anawapenda wote, kama ninavyosema habari za asubuhi. Sikujua kwamba hao wote wana visigino."

"Kwa hiyo umemsamehe Yusaf."

"Nani kasema? Nimemwandika tu." Akajifuta pua kwa shela. "Kusamehe sijafika. Ila Bwana alikuwa amefika, na mimi nilikuwa siamini, mpaka nilipolazimika kumpa beseni mkononi na kutafuta afanye nini nalo."

Inayat alikwenda mlangoni, akatazama komeo, akarudi.

"Usiliguse," Shamim akamwambia.

*

Yusaf hakupeleka wimbo. Alimwambia Padri Lahore imemchosha. Padri akasoma wa Shamim akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Hakusema "nimeamini". Wakubwa hawasemi hivyo. Alisema, "Utauimba mwenyewe, Shamim, ndani ya kanisa hakuna ubaya. Yusaf atapiga kinanda."

Kinanda kingepigwa na nani mwingine? Kwenye mazoezi Shamim alimpa mdogo wake tuni tu, akiimba "la la la" mbele ya kwaya nzima.

"Na maneno, dada?"

"Tuni inakutosha. Maneno nakuogopea, yanakupotea mikononi."

Kwaya ikacheka. Yusaf akacheka nao, masikio mekundu.

Alhamisi Kuu wanaume waliochaguliwa kuoshwa walikaa kwenye viti mbele ya altare, na kama ilivyo kila mwaka, kila mmoja alikuwa ameisugua miguu nyumbani kwa sabuni na jiwe mpaka Padri hakubakiziwa kazi. Mume wa Parveen alinukia manukato ya waridi kuanzia magotini. Wengine sote tulikaa chini, viatu nje. Yusaf naye alikaa chini kwenye kinanda chake, amekunja miguu mitupu kama wapigaji wanavyokaa, unyayo wa kushoto umeelekea upande wa wanawake.

Padri akapiga magoti. Shamim akaimba. Sauti yake si ya jukwaani, ina ukavu wa mtu anayeimba huku ana uzi mdomoni, lakini watu walinyamaza upesi. Petro akapita, wakatabasamu. Tomaso akapita. Kisha: *Mguu wa Yuda una kovu, kovu la utotoni.*

Nani alitazama kwanza sijui. Nadhani Parveen, maana yeye macho yake hayana likizo. Upande wote wa wanawake ukageuka, shela baada ya shela, mpaka kwenye unyayo ule wa kushoto, palipo na alama nyeupe kama punje ya mchele. Yusaf akasikia kimya kimebadilika. Akausikia mstari wa pili. Mkono wake ukakosa kinanda, sauti moja ikalia vibaya kama paka aliyekanyagwa, kisha akashika tena, akavuta mguu chini ya kanzu yake na kuukalia. Shamim hakumtazama. Aliimba ubeti ule mpaka mwisho, bila kuharakisha, na pale kwenye *aliifuta ikakauka* sauti yake ilishuka ikawa ndogo, si kwa ajili ya kumuumbua mtu. Walioketi mbele wanasema alikuwa anaogopa.

Ubeti wa mwisho, ngoma ikanyamaza.

*Asema Shamim: Bwana, taulo hili ni zito;*
*lishike nami upande mmoja, kabla maji hayajapoa moto.*

Kanisani hatupigi makofi siku hiyo. Lakini Bebe, kwenye kiti chake karibu na nguzo, alitoa sauti, na jina likawa limesikika na kila mtu wa Barkatabad, hata walevi.

Misa ilipokwisha Yusaf alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakuomba radhi, wala siku ile wala Ijumaa. Jumamosi kibanda cha chai kikaanza kupiga wimbo mpya kutoka Lahore kwenye simu ya mwenye kibanda: *Mlango wako, Bwana*, na mwishoni, wazi kabisa, *Asema Yusaf*. Huko duniani wimbo ni wake na utabaki wake. Shamim alipita na mfuko wa mipira, akasimama mpaka ukaisha, akamwambia mwenye kibanda, "Kaimba vizuri," akaenda zake. Uso wake, anasema yule bwana, ulikuwa kama wa mtu aliyekutana na mtoto wake amevalishwa nguo za watu.

*

Pasaka tulikula kwa Inayat, uani, jua la asubuhi, pilau na tambi za maziwa. Majirani walijaa, na Parveen sasa alikuwa amekumbuka kila kitu vizuri sana, kwamba yeye alikuwepo wimbo wa kwanza ulipotungwa, tena yeye ndiye aliyetoa neno "komeo". Yusaf hakuja. Sahani yake ilikuwepo. Bebe ndiye aliyeomba iwekwe, Shamim hakukataa, na hakuna aliyeijaza.

Watu wakiwa na huzuni mimi hufanya kazi yangu. Nikaketi nyuma ya sufuria lililopinduliwa kama kinanda, nikamwiga Yusaf: masikio, kikohozi, mguu unavyofichwa chini ya kanzu. Watu wakacheka mpaka Inayat akamwaga chai. Nikanogewa.

"Hebu fikirini," nikasema, mdomo umejaa tambi, "mtu ana moyo gani wa kufuta jina la dada yake aliyemlisha? Wazo kama hilo linamwingiaje mtu kichwani?"

"Gogi," Bebe akaita kutoka kitanda chake cha kamba. "Hilo nakujibu mimi."

Watu wakageuka.

"Jioni ya mazoezi nilikuwa kwa Yusaf, nyuma ya pazia. Mlidhani nimelala. Yusaf alikuwa anaimba *Asema Shamim*, kama alivyofundishwa. Wewe ulikuwa na ngoma yako. Ukamwambia: 'Mwalimu, jina la Shamim na la Yusaf mapigo yake ni yaleyale. Hebu tia lako, tuone kama kuna atakayegundua.' Akatia. Mkacheka sana. Kisha akauimba tena, na la dada yake hakulirudisha, na wewe ukanyamazisha ngoma pale pale kwenye jina, vizuri kabisa."

"Bebe," nikasema, "ule ulikuwa utani."

"Najua. Nilikusikia ukicheka."

Inayat aliweka kikombe chini. "Bebe, kwa Padri mbona hukusema haya?"

"Wanangu siwezi kuwasema," Bebe akajibu, macho yake ya ukungu yamenielekea moja kwa moja. "Huyu si mwanangu."

Parveen alikuwa ameacha kutafuna ili asipitwe. Nilitafuta neno la kuwachekesha, na kwa kuwa wamenizoea, walinisubiri.

"Kweli, Gogi?" Rimsha akauliza.

"Mwache ameze kwanza," dada Shamim akasema.